Mshiko wa jembe: Kipande cha tyubu kinavyookoa siku za palizi

EKARI moja ya shamba ina mita za mraba 4,047. Iwapo kila pigo la jembe la palizi linasafisha eneo lenye upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 25, mkulima atainua na kushusha jembe lake mara 80,000 hivi kabla ya kumaliza ekari hiyo moja.

Hiyo ni palizi ya kwanza tu. Pamba huhitaji ya pili, na mara nyingi ya tatu. Mwenye ekari tatu huko Kishapu, Kahama au Mbogwe azidishe mwenyewe, kisha aongeze mahindi, mtama na dengu za familia.

Mapigo yote hayo hupita mahali pamoja: kwenye kiganja, pale mkono unapokutana na mpini. Hata hivyo, katika semina za kilimo bora tunazungumzia mbegu, mbolea, viuatilifu na nafasi za kupandia. Mshiko wa jembe hauzungumzwi, kana kwamba kila mtu alizaliwa akiujua.

Makala haya yanaeleza jinsi kipande cha mpira wa tyubu iliyochakaa, kikifungwa kwa utaratibu kwenye mpini, kinavyoweza kuufundisha mkono kushika vizuri, kupunguza malengelenge na kuokoa siku za kazi katika kipindi ambacho siku moja ina thamani kubwa.

Somo kutoka kwenye gofu

Kuna mchezo mmoja ambao watu wake wamelifanyia kazi suala la mshiko kuliko wakulima. Ni gofu, mchezo unaochezwa hapa nchini katika viwanja vichache kama vile vya Gymkhana vya Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Morogoro, na kile cha Lugalo kinachomilikiwa na Jeshi la Wananchi.

Anayeanza kujifunza gofu hapewi mpira apige. Kwanza hufundishwa kushika fimbo: kidole kipi kikae wapi, gumba lielekee upande gani, na abane kwa nguvu kiasi gani.

Mwingereza Harry Vardon, aliyezaliwa kisiwa cha Jersey na kushinda mashindano makubwa ya wazi ya Uingereza mara 6 kati ya mwaka 1896 na 1914, anakumbukwa mpaka leo kwa mshiko. Njia ya kulaza kidole kidogo cha mkono mmoja juu ya vidole vya mkono mwingine bado inaitwa kwa jina lake.

Ili kumsaidia mwanafunzi, walimu wa gofu hutumia kifaa cha bei nafuu: kipande cha mpira kilichofinyangwa kwa umbo la vidole, kinachovalishwa kwenye mpini wa fimbo ya mazoezi. Mkono ukikaa vibaya, mpira wenyewe unakuambia. Baada ya kurudiarudia, vidole huzoea na kifaa huondolewa.

Sheria za gofu haziruhusu mpini uliofinyangwa hivyo kutumika mashindanoni. Zinachoruhusu ni mbavu, yaani mwinuko mdogo ulionyooka unaokwenda na urefu wa mpini, ili mchezaji ajue kwa kugusa tu kuwa fimbo imeelekea sawa.

Sasa tulinganishe. Mchezaji hodari wa gofu humaliza mashimo 18 kwa mapigo 72 hivi. Mapigo 80,000 ya ekari moja ya palizi ni sawa na kuuzunguka uwanja huo mara 1,100. Anayecheza kila Jumapili angehitaji miaka 21 kuyafikisha.

Anayepiga mara 72 kwa wiki ana mwalimu wa mshiko. Anayepiga mara 80,000 kwa ekari alipewa jembe akiwa mtoto, akaambiwa awafuate wenzake.

Kwa nini palizi ndiyo inayobana

Kanda ya Ziwa ina bahati ya kuwa na ng'ombe wa kulima. Plau imewawezesha wakulima wengi wa Shinyanga kulima eneo kubwa kuliko ambalo wangelimudu kwa jembe la mkono.

Lakini kwa kaya nyingi plau huishia kwenye kutifua. Kazi ya kuondoa magugu katikati ya miche bado ni ya mkono. Kwa maneno mengine, ng'ombe hupanua shamba, kisha binadamu akaachiwa magugu yote ya shamba lililopanuka. Hapo ndipo wengi hukwama.

Pamba ya kanda hii hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, na palizi ya kwanza hutakiwa ndani ya wiki mbili hadi tatu baada ya miche kuota. Mahindi nayo huumizwa zaidi na magugu katika wiki zake za mwanzo. Kwa hiyo mazao yote humwita mkulima kwa wakati mmoja, na magugu hayamsubiri mwenye mikono iliyochubuka.

Katika ukanda wa dhahabu kuna jambo la ziada. Vijana wengi huwa kwenye machimbo ya Nyarugusu, Rwamagasa na kwingineko, na kibarua wa palizi hulinganisha malipo ya shambani na anachotarajia kwenye duara. Anayetegemea kuajiri dakika za mwisho huenda asimpate mtu, au ampate kwa bei inayokula faida yote.

Kwa mkulima wa namna hiyo, mkono wake mwenyewe na ya familia yake ndiyo mtaji wa kwanza. Mtaji hutunzwa.

Mkono huchoka kwa sababu gani

Watu wengi hudhani malengelenge husababishwa na ugumu wa mti peke yake. Sababu kubwa ni mpini kuteleza na kujizungusha ndani ya kiganja.

Jembe linapogonga jiwe au mzizi kwa pembe moja, bapa hupinda upande. Mpini nao hujizungusha kidogo mkononi. Ngozi ya juu huvutwa kwenda upande mmoja, ya chini hubaki ilipo. Jambo hili likirudiwa mara maelfu, tabaka hizo mbili huachana na maji hujaa katikati. Ngozi iliyolowa jasho huachana upesi zaidi.

Mkulima akihisi mpini unateleza hufanya lile ambalo kila mtu hulifanya: hubana kwa nguvu. Hapo hujiongezea tatizo la pili. Misuli inayofunga vidole iko kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Ikibanwa muda wote bila kulegezwa, damu haipiti vizuri ndani yake na uchovu huja mapema. Ndiyo maana mtu huanza kuhisi mkono mzito saa nne asubuhi wakati mgongo na miguu bado vina nguvu.

Wanaocheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, wanalijua hili kwa vitendo. Mchezaji hawezi kulizungusha jembe na kulirusha akiwa amelibana kama anayezuia lisiibwe. Hubana pale tu inapobidi, kisha hulegeza.

Hivyo mpini mzuri hutimiza mambo matatu. Hautelezi, ili usilazimike kubana. Haujizungushi, ili ngozi isivutwe. Unene wake unalingana na mkono wa mwenye kuutumia.

Pima unene kwanza

Wataalamu wa zana za mkono hushauri mpini wa kazi ya nguvu uwe na kipenyo cha kati ya sentimita 3 na 5, kutegemea ukubwa wa mkono. Kwa wengi, sentimita 3.5 hadi 4 hufaa.

Huhitaji kifaa cha kupimia. Zungusha uzi mara moja kwenye mpini kisha uulaze kwenye rula ya mwanafunzi. Uzi wa sentimita 11 maana yake ni kipenyo cha 3.5, na wa sentimita 12.5 ni kipenyo cha 4.

Kipimo kingine ni mkono wenyewe. Ukiufumbata mpini, ncha ya gumba iweze kugusa kucha ya kidole cha shahada. Kama kuna nafasi kubwa kati yake, mpini ni mnene. Kama vidole vinachimba kiganja, ni mwembamba.

Suala hili linawahusu zaidi akina mama, kwani katika kaya nyingi wao ndio wenye mzigo mkubwa wa palizi. Mwaka 1998, mashirika ya IFAD na FAO yalichapisha utafiti maalumu kuhusu zana za wanawake wakulima katika nchi 5 za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo. Lakini huku kwetu mpini mara nyingi huchongwa kwa kipimo cha mkono wa fundi, ambaye ni mwanamume. Mama na binti yake wapewe mipini yao.

Jinsi ya kufunga tyubu

Vinavyohitajika ni tyubu ya baiskeli iliyochakaa, kisu au mkasi, kipande cha msasa na kamba nyembamba yenye urefu wa kiganja na nusu. Fundi baiskeli yeyote ana tyubu zisizozibika tena, zile zile ambazo hukatwa kuwa mipira ya kufungia mizigo.

Kwanza, hakikisha mpini umekauka na umelainishwa. Mti mbichi husinyaa baada ya kuchongwa, jembe likalegea na nyuzi za mti zikachomoza. Piga msasa. Usipokuwa nao, kwaruza kwa kipande cha chupa, kwa uangalifu, mpaka kiganja kikipita kisikwame popote.

Pili, shika jembe kama unavyolima, uone mkono wa nyuma unakaa wapi. Weka alama pande zote mbili za mkono huo, ukiongeza upana wa vidole viwili kila upande. Hapo ndipo pa kufunga.

Mkono wa mbele uache bila mpira. Mkono huo husogea kidogo wakati wa kuinua na kushusha jembe, na unahitaji mti laini. Ukiufunga mpini mzima kwa mpira, mkono wa mbele utakwama na kuchubuka kuliko mwanzo. Wengi waliojaribu kufunga mpira wakaona haufai huenda walikosea hapa.

Tatu, tengeneza ubavu. Chukua ile kamba nyembamba na kuilaza kwenye urefu wa mpini, ndani ya alama zako, upande wa tumbo la mpini, yaani upande ule ule ambao bapa la jembe limeelekea. Ishikilie kwa uzi miisho yote miwili. Mpira ukishapita juu yake, utabaki mwinuko mdogo ambao vidole vitauhisi. Hiki ndicho kifaa chako cha kujifunzia mshiko, sawa na ule ubavu wa fimbo ya gofu.

Nne, kata tyubu kuwa utepe wenye upana wa sentimita 2 hadi 3. Ioshe kwa sabuni kuondoa unga na mafuta, kisha ikaushe. Anza kufunga kutoka mwisho wa mpini kuelekea kwenye jembe, ukiuvuta utepe, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Mwisho wake upenyeze chini ya mzunguko wa mwisho na kukaza.

Usitumie msumari wala waya. Msumari hupasua mpini, na waya ukikatika hukata kiganja.

Tano, mwishoni kabisa mwa mpini zungushia utepe mwingine mara kadhaa mahali pamoja ili ifanyike pete nene. Tyubu ya pikipiki, ambayo ni nene zaidi, inafaa kwa kazi hii. Pete humzuia mkono wa nyuma usichomoke unapovuta jembe, na mkono unaojua hautachomoka huacha kubana.

Kumbuka kwamba utepe huongeza milimita 4 hivi kwenye kipenyo. Kama mpini umeshafika kwenye kipimo chako, upunguze kwanza pale pa kufunga.

Kuufundisha mkono

Kufunga mpira ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuzoesha mkono, na hili lifanyike kabla ya msimu, wakati wa kusafisha shamba au bustani ya nyumbani.

Siku ya kwanza, simama bila kulima. Shika mpini mpaka uhisi ubavu umelala kwenye maungio ya katikati ya vidole vya mkono wa nyuma. Achia, shika tena, bila kuangalia. Rudia mpaka mkono upate mahali pake wenyewe.

Kisha jipime nguvu ya kubana. Angalia kucha. Zikigeuka nyeupe wakati jembe bado liko hewani, unabana kupita kiasi. Mwambie mwenzako ashike mpini upande wa jembe na kujaribu kuuzungusha taratibu. Ukijizungusha bila shida umelegea mno, na ukihisi mkono wako wote unatetemeka umebana mno. Kati ya hapo ndipo penyewe.

Siku ya pili na ya tatu, lima polepole. Bana wakati jembe linakaribia kugusa ardhi, na legeza vidole wakati wa kuliinua. Kila unapofika mwisho wa mstari, fungua viganja na kuvinyoosha, kisha mikono ibadilishane nafasi ikiwa unaweza kulima pande zote mbili. Wanaoweza huugawa uchovu kwa mikono miwili.

Baada ya wiki moja, ubavu utakuwa unakuarifu jambo jingine. Ukiuhisi umehama kutoka kwenye vidole kwenda kwenye kiganja, ujue jembe limejizungusha. Lirekebishe kabla ya pigo linalofuata, badala ya kusubiri lengelenge likuarifu jioni.

Mkono ule ule kwenye duara

Wakulima wengi wa Geita na Kahama hawaishii shambani. Kiangazi kikiingia huenda machimboni, na mvua zikianza hurudi kupanda. Mkono uliopalilia ndio unaoshika nyundo, sululu na moko.

Njia ya tyubu hutumika pia kwenye mpini wa nyundo na sululu, kwa kufuata masharti yale yale: mpira mahali mkono unapotulia, mti laini mahali unapoteleza, na pete mwishoni. Kabla ya kuanza kazi kagua kama kichwa cha nyundo kimekazwa kwa kabari. Mshiko mzuri hausaidii kitu nyundo ikichomoka ndani ya duara lenye watu.

Kwenye moko, hatari kubwa ni nyundo kuteleza na kuangukia mkono ulioshika. Kinga rahisi ni duara la mpira lililokatwa kwenye ubavu wa tairi kuukuu, upana wake ukizidi ngumi. Toboa katikati tundu dogo kuliko unene wa moko, kisha lisukume mpaka likae chini kidogo ya sehemu inayopigwa, na mkono ukae chini yake. Mafundi wa katambuga wana ujuzi na visu vya kazi hiyo. Moko uliochanua kichwa usagwe kwanza, kwani vipande vyake huruka.

Hesabu ya faida

Mfano ufuatao ni wa kukokotoa tu. Kila msomaji aweke namba za kijiji chake.

Tuseme kaya ina ekari 3 za pamba na wapaliliaji wawili. Tuseme ekari moja huchukua siku-kazi 8. Jumla ni siku-kazi 24, hivyo watu wawili watamaliza kwa siku 12.

Sasa tuseme baada ya siku 3 viganja vimechubuka, na tangu siku ya nne kasi yao inapungua kwa robo. Katika siku 3 za mwanzo walikamilisha siku-kazi 6, zimebaki 18. Kwa kasi mpya, wawili hao hufanya kazi ya mtu mmoja na nusu kwa siku. Watahitaji siku 12 zaidi. Palizi imechukua siku 15 badala ya 12.

Siku 3 za watu wawili ni siku-kazi 6. Kama kibarua analipwa shilingi 6,000 kwa siku, hizo ni shilingi 36,000 zilizopotea katika palizi moja. Tyubu mbili kuukuu, hata zikiuzwa shilingi 1,000 kila moja, ni shilingi 2,000.

Punguza makisio yangu utakavyo. Hata kama mpira utaokoa siku-kazi moja tu kwa msimu mzima, gharama yake imerudi mara tatu. Ni pembejeo chache sana zenye uwiano huo, na hii haihitaji mkopo.

Ipo hasara nyingine ambayo haionekani kwenye mfano huu. Ekari inayopaliliwa mwisho ndiyo iliyokaa na magugu muda mrefu, na ndiyo itakayozaa kidogo. Siku 3 za kuchelewa huangukia kwenye ekari hiyo.

Anayetaka uhakika afanye jaribio shambani mwake. Watu wawili wenye nguvu zinazokaribiana wagawane mistari, mmoja akiwa na mpini uliofungwa na mwingine mtupu. Mchana hesabuni mistari na kutazama viganja. Kesho yake wabadilishane majembe, kwa sababu huenda mmoja ni mwepesi kuliko mwenzake. Siku mbili zinatosha kutoa jibu.

Nafasi kwa wafanyabiashara wadogo

Majembe mengi madukani huuzwa bila mpini. Mnunuzi hubeba bapa nyumbani, kisha hutafuta mti popote. Pengo hilo ni biashara kwa wauzaji wa minadani na magulioni, kuanzia Shinyanga vijijini hadi Katoro.

Anayeuza mipini iliyokauka, iliyolainishwa na kufungwa mpira, kwa vipimo vitatu vya mkono mdogo, wa kati na mkubwa, anauza kitu ambacho jirani yake hana. Mteja aachwe ashike kabla ya kununua. Tyubu kuukuu hukusanywa kwa mafundi baiskeli na wa pikipiki kwa bei ndogo, na kazi ya kufunga mpini mmoja haizidi dakika chache kwa aliyezoea.

Miti ya mipini ipo. Mpera na mchungwa hutoa mipini migumu isiyo na makunyanzi, na matawi yake hupatikana wakati wa kupogoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulihimiza wenyeji kurudisha ngitili zao, na zilizotunzwa ni chanzo cha miti ya kujengea na ya kazi ndogondogo kama hii. Kata matawi, acha shina, na ufuate utaratibu wa kijiji chako.

Mambo ya kuzingatia

Mpira mweusi hushika joto. Jembe liachwe kivulini wakati wa mapumziko.

Kwenye majaruba ya mpunga na udongo mweusi wa mbuga, tope huufanya mpira uteleze. Zungushia kamba nyembamba kwenye mpini kwa mwendo wa kuzunguka, ukiacha nafasi kati ya mizunguko, kabla ya kufunga tyubu. Matuta madogo yatakayotokea yatashika hata mkono ukiwa na tope. Osha mpira kila jioni.

Fungua mpira mwisho wa msimu. Maji yakikaa chini yake mpini huoza taratibu bila kuonekana, na huvunjika wakati wa kazi.

Usipake mafuta mahali pa mkono wa nyuma. Mafuta yanafaa kwa sehemu nyingine za mpini.

Mpira haufanyi kazi ya tupa. Jembe butu humlazimisha mtu kupiga mara mbili palipohitaji mara moja, na mapigo 80,000 huwa 160,000. Noa kwanza.

Lengelenge likitokea, usilipasue. Osha kwa maji safi na sabuni, lifunike kwa kitambaa safi, na upumzishe mkono huo. Likipasuka lenyewe, lizuie lisiingie udongo, kwani vidonda vya shambani ni njia ya pepopunda. Asiyekumbuka mara ya mwisho kuchanjwa aulize kwenye zahanati. Kidonda chenye usaha au mkono unaovimba si wa kutibiwa nyumbani.

Mvua za kwanza za Kanda ya Ziwa huanza kati ya Oktoba na Novemba, na zikishaanza hakuna mwenye muda wa kutafuta tyubu. Wakati wa kufunga mpini na kuufundisha mkono ni Septemba, jembe likiwa bado limeegemea ukuta.